Kopo la Bibi

2 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hujambo, na wote nyumbani hawajambo? Mimi mzima, ila harufu ya zizi imenikolea hadi kwenye mto wa kulalia.

Mama, roho yangu iko kwa Bibi. Nilipomwacha miguu ilikuwa imepasuka, nywele hazina nuru. Hapa kwa tajiri tunawachanganyia farasi unga wa biotini na zinki, kwato zikaze na manyoya yang'ae. Nimekutumia kidogo kwenye kopo la maziwa. Mpe Bibi kijiko kimoja katika chakula cha asubuhi. Usikate tamaa mapema: nywele hutangulia kung'aa, miguu huchukua miezi.

Mwanao

20 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo, tunasukuma siku. Kopo lilifika. Kusema kweli nilisita. Chakula cha farasi, jamani! Nikajiambia, wewe ndiye unayeijua kazi hiyo. Basi namkorogea kwenye uji, naye analamba bakuli.

Bibi yako, ambaye hakuwa akigeuka kitandani bila mimi kumshika, sasa anaketi mwenyewe. Nywele zile nyeupe zinageuka kahawia, zinateleza kama zimepakwa mafuta. Visigino vimefunga. Nimelia kwa furaha, na mgongo wangu umepumzika, maana kumwinua mtu mzima si mchezo.

Farasi wa marehemu baba yako ndiye anayekonda tu. Tuma kopo jingine.

Mama yako

1 Juni

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mama, Bibi ni farasi! Baba ndiye aliyempa jina hilo kule zizini, kwa jinsi alivyokuwa hataki kuharakishwa. Tulilitumia mimi na yeye tu, tukiogopa utadhani tunamdhihaki mama mkwe wako, nami nilipokuandikia nikasahau kwamba hulijui.

Acha mara moja kumpa yule mzee. Kipimo kile ni cha mnyama! Kilichobaki mpe farasi. Kopo jingine situmi. Niambie anaendeleaje, na tafadhali usinifiche kitu.

Mwanao

30 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa makusudi. Nilipoisoma barua yako nilicheka hadi mbavu zikauma. Kisha nikageuka: bibi yako alikuwa mlangoni anacheka pia, na hakikuwa kicheko cha mtu.

Nilijaribu kuacha. Akagonga sakafu kwa kisigino mpaka nikamkorogea. Kucha za miguu zimeungana, nyeusi, kisu kinateleza juu yake. Analala wima, kichwa dirishani. Mkokoteni ukipita barabarani, masikio yanaugeukia. Ndiyo, nimesema yanageuka, na nimeyaona kwa macho yangu mawili. Majirani wanasema, "Loo, mzee karudia ujana!" Mimi naitikia tu.

Unaniambia niache. Wewe hukumfulia mashuka. Hukumsikia akiniomba nimsaidie afe. Sasa anatembea, mwanangu! Nikimnyima atarudi kitandani, na mimi sina moyo wa kumwona tena akiwa maiti inayopumua.

Mama yako

14 Septemba

Mama,

Shikamoo. Nguvu zako zikoje? Nimeomba ruhusa kazini, nakuja Ijumaa nimpeleke hospitali. Wala usibishane nami.

Kuna jambo linaninyima usingizi. Kopo lile lilikuwa dogo, unga wake usingefika hata Julai. Unamkorogea nini, Mama?

Mwanao

18 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Mimi nina nguvu za kutosha, usinihofie.

Sikorogi chochote. Unga uliisha kitambo, nikaona haya kukuandikia. Siku ulipoisha alitoka mwenyewe, akaenda zizini, akainamisha kichwa kwenye chombo cha pumba. Farasi alimpisha. Tangu hapo alikuwa akimpisha kila siku, naye akibaki na njaa, nami nilimwona na sikumfukuza bibi yako. Juzi tumemzika farasi. Bibi yako hakulia. Alinusa ule udongo, akaanza kuchimba kwa mguu.

Amesahau jina langu, lakini nikipiga mluzi anakuja. Ananiegemea begani, ana joto, na ninampenda kuliko nilivyowahi kumpenda alipokuwa akinisema kila siku jikoni. Usinihukumu.

Njoo basi Ijumaa, ila hospitali usiitaje mbele yake, anaelewa. Mchana nikienda sokoni namfunga, maana barabara iko karibu. Niletee hatamu ya ngozi laini. Hii kamba inamchubua shingo.

Mama yako