Vidole vya Bi Tatu

Jumatatu, 16 Septemba

Sare saba za shule zimeisha. Gauni la bibi harusi wa Mikindani bado linanisumbua begani. Baada ya adhuhuri nimefunga mlango wa kibanda, nikaua mtu. Sura ya kumi na tisa, muuza silaha, kwenye ngazi za hoteli. Kapteni Nalinga amemmaliza kwa uzi wa kushonea viatu. Hakuna kelele, hakuna damu kwenye zulia. Nimeisoma mara mbili, nikajipongeza mwenyewe.

Kitabu cha tatu hiki. Viwili vya mwanzo vimetoka hapa hapa Mtawanya, juu ya meza ya kukatia vitambaa, na sasa vinasomwa mpaka Songea. Wasomaji wanadhani mwandishi ni mwanajeshi mstaafu. Wacha wadhani.

Nalinga anaua kwa amri ya serikali. Idara yake haina kibao mlangoni. Ana wasaidizi wawili: Shamte, dereva, na Bi Tatu, mama wa makamo anayefungua milango na makasha. Bi Tatu anashika kila kitu kwa mikono mitupu, polisi wakija hawakuti kitu. Hana alama za vidole. Vitabu viwili vizima sikusema kwa nini. Cha tatu kinasema: ni mbanguaji wa korosho, na mafuta ya ganda yamemla ngozi ya vidole tangu ujana.

Hilo sikulitunga. Hivyo ni vidole vya mama yangu.

Alhamisi, 19 Septemba

Mhariri kaandika kutoka Dar. Kaka Kimario, mtu wa Moshi, mpole, ananiita Fundi. Kasifu sura kumi na nane. Halafu kaniharibia siku. Bi Tatu haaminiki, anasema. Korosho haiwezi kufuta alama za mtu, wasomaji watacheka. Anataka Bi Tatu aondoke, aje msichana aitwaye Vanessa, aliyechomwa vidole kwa tindikali na daktari wa Ulaya. Mwisho wa kurekebisha ni tarehe 31 Oktoba. Ikipita hiyo, kitabu hakiendi mtamboni mwaka huu.

Vanessa. Nimekasirika mpaka nikajichoma sindano. Mtu amekula korosho maisha yake yote, hajui ni mkono gani ulimtolea ganda.

Ijumaa, 20 Septemba

Nimemjibu. Vanessa simwandiki. Sentensi moja tu, nimeituma kabla sijapoa. Sijutii.

Jumatatu, 23 Septemba

Kajibu kwa adabu, na hilo ndilo linaloudhi zaidi. Atakuwa Mtwara katikati ya Oktoba kwa semina ya walimu. Kama mtu wa namna hiyo yupo, nimwoneshe. Akimwona, Bi Tatu anabaki. Asipomwona, ni Vanessa au hakuna kitabu.

Yupo. Shida ni kwamba mwenyewe hajui kama nimemtia kitabuni.

Jumamosi, 28 Septemba

Nimekwenda Kitaya, kijijini kwetu. Mama yuko shambani anaokota korosho za mwanzo. Mwaka huu nimemkataza kubangua. Tangu Idi hajawasha moto wa kukaangia, moshi ulikuwa unammaliza kifua. Kifua kimetulia, ila ananinunia. Anasema nimemgeuza mgeni kwenye kazi yake.

Nilitaka kumwambia habari ya kitabu. Nimeshindwa. Badala yake nimempiga picha mikono akimenya muhogo, kwa kuibia. Nimefika nyumbani, nikazitazama. Mikono ya bibi yeyote, na muhogo. Hazithibitishi lolote. Nimejiona mjinga, na mwizi juu yake.

Jumanne, 1 Oktoba

Najua kwa nini nilishindwa.

Walipokuja kuandikisha vitambulisho vya taifa, mama alipanga foleni Kitaya tangu alfajiri, kavaa kanga mpya. Mashine ikakataa kidole cha kwanza. Ikakataa cha pili. Ikakataa vyote kumi. Kijana wa mashine akamuuliza kwa sauti: bibi, wewe umetoka ng'ambo? Ng'ambo kwetu ni Msumbiji, mto tu uko katikati. Watu wakacheka. Mama amezaliwa Kitaya, kazaa Kitaya, kazika mume Kitaya. Akarudi mara mbili zaidi, majibu yale yale. Hakurudi tena.

Mpaka leo hana kitambulisho. Laini yake ya simu ina jina langu. Mbele ya wageni anaficha mikono ndani ya kanga. Na vidole hivyo hivyo ndivyo vilivyonisomesha mpaka kidato cha nne, vikanunua na cherehani ya kwanza. Mimi nimevichukua nikavitia kwenye riwaya bila hodi. Naona haya.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimemwambia. Kitaya, barazani, akichambua kisamvu. Nikamsomea sura nzima ya Bi Tatu. Mikono ikaingia ndani ya kanga. Nikajua ndiyo basi, nimemvunjia heshima mama yangu kwa ajili ya kitabu.

Kisha akauliza, "Huyu wanamkamata?"

"Hawamkamati, mama."

"Hata mwisho?"

"Hata mwisho."

Mikono ikatoka. Akaendelea na kisamvu. Akasema Bi Tatu ni mtu wa maana, ila nimemfanya mwembamba mno, na mtu mwembamba hawezi kukaa kwenye kubangua siku nzima. Nimemnenepesha hapo hapo kwa kalamu.

Waandikishaji wanarudi Kitaya tarehe 17. Nikamwomba aende, Kaka Kimario aione mashine ikimkataa. Nilijua ninachoomba. Ni aibu ile ile, mbele ya watu wale wale. Alimaliza kisamvu kwanza. Halafu akasema, "Nitakwenda. Safari zile nilikuwa nadaiwa kuwa mgeni. Hii nakwenda kwa kazi yako."

Sikumbuki lini nimempenda mtu kiasi kile.

Jumatano, 16 Oktoba

Kaka Kimario kafika. Viatu vyeupe, Mtwara hii. Nilijiandaa kumchukia, nimeshindwa. Kala ming'oko, vile viazi pori vyetu, sahani mbili, kavisoma vitabu vyangu mpaka anavijua kuliko mimi. Anajua hata sura ambayo Shamte alipoteza funguo za gari.

Kesho anatoka kwenye semina mapema, tunakwenda na gari yake. Sina wasiwasi. Mashine imemkataa mama mara tatu, itamkataa na ya nne.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimefika nyumbani sasa hivi.

Foleni ilikuwa nje ya ofisi ya kijiji. Mama kavaa kanga ile ile, sasa imepauka. Nyuma yake jirani yetu, Bi Esha, anayebangua hadi leo. Kwenye mashine safari hii alikuwa binti, mnyenyekevu. Nikamsogeza Kaka Kimario karibu kabisa na kioo. Nikakunja mikono kifuani nikisubiri ushindi.

Mama akaweka kidole gumba. Taa ya kijani.

Nikadhani mashine ni mbovu. Binti akasema, "Vizuri, mama, cha pili." Kijani. Vyote kumi. Kijani, kijani, kijani. Kaka Kimario akanitazama. Hakucheka. Alinihurumia, na hilo nisingeweza kumsamehe leo wala kesho. Kitabu changu chote kikapita mbele ya macho yangu kikiondoka na Vanessa.

Halafu nikamwona mama. Alikuwa amebaki pale, mkono bado juu ya mashine, anaangalia kwenye kioo mistari ya kidole chake. Binti akamwomba asogee, hakusikia. Nikaona haya ya pili ya mwezi huu: mama yangu kapata leo haki aliyonyimwa miaka yote, na mimi nimesimama hapa nasikitika.

Zamu ya Bi Esha. Nyekundu. Nyekundu tena. Binti akamfuta vidole kwa kitambaa, akajaribu vyote. Nyekundu mpaka cha mwisho. Bi Esha akarudisha mikono ndani ya kanga, nilivyozoea kumwona mama akifanya.

Ndipo mama akageuka. Mbele ya foleni nzima akamwambia Bi Esha atoe mikono, hakuiba kitu. Bi Esha akafungua viganja, Kaka Kimario akainama kutazama. Vidole laini kabisa, vyeusi pembeni, hakuna mstari hata mmoja. Akamtazama Bi Esha, akamtazama mama, akarudi kwa Bi Esha.

Mama akasema, "Vyangu vilikuwa hivyo hivyo. Vimerudi kwa sababu huyu kanikataza kubangua tangu Idi." Akanionesha kwa kidevu. "Kwa hiyo huyo Bi Tatu wenu mmekosea wote wawili. Akikaa mjini mwaka mzima na bastola zenu, alama zitarudi, watamkamata. Lazima kila msimu aje nyumbani abangue."

Kaka Kimario akatoa kalamu, hakuona karatasi, akaandika kwenye kiganja chake.

Mimi nimebangua na mama tangu mdogo, nimeandika vitabu vitatu, na hilo sikulifikiria hata mara moja. Mama hajawahi kusoma riwaya. Najivuna mpaka kifua kinauma.

Ijumaa, 18 Oktoba

Kaka Kimario kaondoka asubuhi. Vanessa kafa, hakuna matanga. Maneno ya mwisho ya Kaka Kimario: "Fundi, yule mama angekuwa Dar, mimi nisingekuwa na kazi." Nikamwambia ndiyo.

Bi Esha kaambiwa aje tena watakaporudi. Nimeshindwa kula vizuri kwa ajili yake.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nimefunga kibanda siku nne. Wenye sare wanagonga, sifungui. Naandika upya.

Sasa Bi Tatu ana maisha mawili. Kila msimu anaaga idara, anarudi kijijini kando ya Ruvuma, anakaa kwenye moshi na wanawake wenzake, anabangua mpaka vidole vinakuwa vitupu. Hakuna anayemshuku, nani anamtazama mbanguaji? Na Nalinga, muuaji ambaye mawaziri wanamwogopa, hawezi kufanya kazi mpaka msimu wa korosho uishe. Anamsubiri. Nimecheka peke yangu na cherehani.

Kila sura nikimaliza nampigia mama simu, namsomea. Jana kanikatisha: majivu hupakwa mikononi kabla ya kubangua, siyo baada. Nimerekebisha.

Jumatano, 30 Oktoba

Nimeituma. Siku moja kabla. Bi Tatu yupo, mnene, mzima, hajakamatwa.

Nimelala mchana kutwa.

Jumamosi, 15 Februari

Boksi la vitabu limefika juzi. Leo nimekwenda nalo Kitaya.

Mama ana kitambulisho. Anakitunza kwenye kibweta pamoja na msahafu. Laini ya simu tumeibadilisha, ina jina lake, Somoe, na akipiga anaanza kwa kujitaja jina zima kana kwamba simjui. Bi Esha hajabangua tangu Novemba. Mama anamgawia unga, mimi naleta kitoweo, tunachomdai ni kusubiri tu alama zirudi. Waandikishaji watarudi.

Kwenye ukurasa wa kwanza nimeandika: kwa mama, aliyemrudisha Bi Tatu nyumbani. Wanawake wa kubangua walikuja wakataka saini. Siyo yangu. Yake. Mama hakutaka kalamu. Akaomba ule wino wa muhuri kutoka ofisi ya kijiji, akakandamiza kidole gumba kitabu kimoja baada ya kingine, taratibu, kama mtu anayelipenda lile zoezi.

Cha mwisho alikiacha wazi mapajani kikauke. Akakitazama muda mrefu. Mistari ilikuwa myembamba lakini yote ipo.

"Kumbe changu kina duara katikati," akasema.

Nilisogea karibu, tukaliangalia wote wawili.