Mafuta ya Mama

Jumatano, baada ya isha

Na ni mimi mwenyewe niliyemwomba Mama anisindikize kliniki leo.

Miezi minne nimedungwa sindano ya majaribio, ile ya kutuliza kinga ya mwili ili iache kuishambulia ngozi. Nilitia sahihi kwamba sitapaka dawa nyingine yoyote kwenye haya mabaka ya mbalanga. Mafuta ya nazi anayonipaka Mama, walisema, hayana neno.

Daktari alipiga picha mikono yangu, akatabasamu. Rangi imeanza kurudi vidoleni! Nilitaka kulia kwa furaha. Mama akacheka.

"Sindano gani, daktari? Ni mafuta yangu hayo. Namtilia unga wa dawa, nimepawa na bibi mmoja wa Mtongwe."

Daktari aliweka kalamu chini, akauliza tangu lini.

"Tangu mwanzo," Mama akajibu, kwa fahari. Wallahi, kwa fahari.

Nimeondolewa kwenye majaribio. Hawawezi tena kujua kilichonisaidia ni kipi, na mimi sitajua maisha yangu yote. Daktari hakunifokea. Alinitazama tu kama mtu aliyemdanganya, na hilo ndilo...

Njiani Mama aliniuliza, "Si wapona? Mbona wakasirika?"

Kila jioni amekuwa akinikanda vidole, kimoja kimoja, akiniuliza kwa upole, "Sindano yakusaidia, mwanangu?"

"Naona yanisaidia, Mama."

"Alhamdulillahi," huniambia, huku akiendelea kunipaka.