Mama Mkwe Ananiita Injinia, na Laptopu Yake Imenishinda

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kama inawezekana uniharakishie jibu, maana Jumamosi ya wiki ijayo mama mkwe anakuja kuchukua laptopu yake, na laptopu yenyewe ipo hapa mezani inaniambia nichague lugha, kwa mara ya tano.

Nianze kwa kusema nyumbani sina shida, mke wangu tunaelewana, watoto wawili wana afya, na kazi ipo, nipo kwenye duka la vifaa vya ofisi, natoa fotokopi, nalaminisha vyeti kwa nailoni, nabana ripoti za wanafunzi kwa zile pete za plastiki, na kazi hiyo naipenda. Tatizo lilianza miaka tisa iliyopita, siku nilipokwenda kujitambulisha ukweni, mjomba wa mke wangu akauliza, "Kijana anashughulika na nini?" na kabla sijafungua mdomo rafiki yangu niliyekwenda naye akadakia, "Huyu ni mtu wa kompyuta," na mimi badala ya kusahihisha nikatazama zulia, na mama mkwe akafurahi, akasema, "Basi nimepata injinia wangu," na mpaka leo jina langu kule ni Injinia, hata watoto wa shemeji wananiita Anko Injinia.

Mshauri, mama mkwe ni mkunga mstaafu, alifanya kazi wodi ya wazazi miaka thelathini na minne, na sasa anaandika kijitabu cha kuwafundisha wakunga wanaoanza. Kila kitu chake kikigoma ananiita mimi. Mara printa haiwaki, nikaenda nikakuta swichi ya ukutani imezimwa, nikaiwasha, akapiga makofi. Mara kipanya hakitembei, nikabadilisha betri, akaniita fundi wa mafundi. Na nyumba yake imepakana ukuta kwa ukuta na fundi wa kompyuta, ana kibao na wateja, wanasalimiana kila asubuhi, lakini yeye hampelekei kitu, hupanda mabasi mawili kunifuata mimi, kwa hiyo unaona mwenyewe imani aliyonayo. Na mimi nikienda kwake kazi ya dakika tano inakula alasiri nzima, maana lazima nikae, nile, nisikilize habari za wodini, nicheke. Sitaficha, alasiri hiyo naipenda. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la tano, na huyu ndiye mtu wa kwanza tangu hapo kuniuliza kama nimekula na akasubiri nijibu.

Sasa wiki mbili zilizopita akaniletea laptopu, imekuwa nzito, kufungua barua moja unaweza kumaliza kikombe cha chai, akasema, "Injinia, iwekee mfumo mpya. Vitu vyangu vyote nimeshavihamisha, usiwe na wasiwasi mwanangu, hata ikifa ife." Nikasema, "Hiyo ndogo, mama." Mdomo ukaponza kichwa.

Nikapakua faili la mfumo kwa kompyuta ya dukani, nikalikopi kwenye flashi kama ninavyokopi kazi ya mteja, nikachomeka, laptopu haikuitambua kabisa, ikawaka na mfumo wake wa zamani kana kwamba sikufanya kitu. Mteja mmoja aliyekuwa anasubiri fotokopi akanicheka, akaniambia flashi ya kuwekea mfumo huandaliwa kwa programu maalumu, siyo kukopi tu. Nikaiandaa upya. Nikaingia kwenye mipangilio ya kuwashia, nikaweka flashi iwe ya kwanza. Ikakubali, nikafurahi, nikafuta diski yote, ikajaza mpaka asilimia mia, ikajizima, ikajiwasha, na badala ya kufunguka ikarudi palepale mwanzo: chagua lugha. Nikarudia yote. Chagua lugha. Jumla nimeuweka mfumo mara nne, mke wangu akipita na vyombo anasema, "Kazi njema, Injinia," anacheka, na nikimwomba amwambie mama yake anasema, "Mimi simo. Zulia ulilitazama wewe."

Nifanyeje? Nimpelekee yule fundi jirani yake kwa siri? Atamwambia. Niseme imekufa? Nimeshadanganya kwa kunyamaza miaka tisa, mshauri, nimechoka. Na kinachonitisha siyo laptopu. Akijua kwamba sina ufundi wowote, hatakuwa na sababu ya kuniita tena.

Ni mimi,
Injinia wa Jina

*

Injinia wa Jina,

Pole. Na nimecheka, usinune.

Tuanze na mashine, maana ndiyo nyepesi. Mimi kompyuta naijua kwa kuandikia tu, basi nimemsomea barua yako fundi wetu wa hapa ofisini. Hakunisubiri nimalize. Akauliza, "Flashi ameichomoa?" Mwanangu, uliichomoa? Nimeisoma barua mara mbili. Pa kuchomeka nimepaona, pa kuchomoa sikupaona. Fundi anasema kazi uliimaliza tangu mara ya kwanza, mfumo umo ndani. Ila wewe mwenyewe uliiamuru mashine itazame flashi kwanza, na flashi bado imo, kwa hiyo kila ikiwaka inakutii, inaanza upya. Izime, chomoa flashi, washa. Ikigoma, rudi kwenye mipangilio uweke diski ya ndani iwe ya kwanza. Ikigoma tena, huenda diski imechoka, na hilo si kosa lako. Lakini usirudie kuweka mfumo mara ya tano. Nakukataza.

Sasa tuje kwako, ambako ndiko kwenye kazi.

Wewe unaniambia huyu mama anaamini wewe ni fundi. Hebu soma ulichoandika kwa mkono wako. Mwanamke aliyeishi na mashine za hospitali miaka thelathini na minne, leo hajui swichi ya ukutani? Betri ya kipanya imshinde mtu ambaye amewatoa watoto wa watu salama wakati wengine wamekata tamaa? Ana fundi ukuta kwa ukuta, anampa salamu kila asubuhi, kisha anabeba laptopu mabasi mawili kuja kwako. Na kabla ya kuja anahamisha kila alichoandika, anakwambia hata ikifa ife. Anayemwamini fundi hasemi hivyo. Anasema hivyo anayempenda fundi na kuuogopa ufundi wake.

Anajua, mwanangu. Nadhani alijua mapema sana, pengine siku ileile ya zulia. Watu wa wodi ya wazazi wamezoea kumsikia mtu akisema hana neno huku jasho linamtoka. Hizo printa na vipanya ni njia yake ya kukupata alasiri moja umekaa kwake, unakula, unacheka. Wewe unamdanganya ili akuite, yeye anakudanganya ili uje. Miaka tisa! Watu wazima wawili wanapendana na kila mmoja anaitupia swichi lawama.

Hata hivyo sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ulikosea. Rafiki yako alidakia, sawa, lakini siyo rafiki aliyeitikia jina la Injinia miaka tisa. Huyo mama amekustahi kuliko ulivyostahili, na kumstahi mtu kunamchosha anayestahi. Ana umri wa kupumzika, wewe unampandisha mabasi. Halafu kazi yako ina ubaya gani mpaka uifiche? Hicho kijitabu chake kikikamilika, nani atakitoa nakala na kukibana vizuri, fundi wa jirani? Mkeo naye usimlaumu. Amekuachia mlango wazi siku zote, wewe ndiye hujapita.

Fanya hivi. Jumamosi usimngoje aje. Panda wewe hayo mabasi mawili, upeleke laptopu, iwe imepona au haijapona. Usianze na habari ya flashi, utajificha humo. Salimia, kaa, na kabla chakula hakijaja mwambie, "Mama, mimi siyo fundi, sikuwahi kuwa. Nilinyamaza kwa sababu ulifurahi." Maneno hayo tu, usiyapambe. Kisha mwache acheke, kwa sababu atacheka, na wewe vumilia. Kama nimekosea na amekasirika, omba radhi, kisha niandikie unitukane, nitaichapisha barua yako ukurasa huuhuu.

Halafu Jumamosi inayofuata nenda tena, bila kuitwa, bila kitu chochote cha kutengeneza.