Itoka ya Wino

Kaka Wafula,

Hamjambo huko Kimilili? Nyeri ni baridi na manyunyu tangu nifike. Semina ya walimu imenimaliza. Jioni nikirudi Skuta, nilikopanga chumba, navua viatu na kukaa tu jikoni kwa mama mwenye nyumba, karibu na jiko.

Picha iliyo upande wa pili wa kadi hii imechorwa na binti yake, Wanjiru. Ukiitazama ni mistari ya wino tu, inaanzia pamoja chini halafu inajikunja kila upande. Jana alitundika nakala yake kubwa ukutani, katikati ya sebule. Mama yake akaacha kumenya viazi.

“Toa hiyo.”

“Mami, ni mistari tu.”

“Ati mistari? Hiyo ni itoka. Nani amekuambia niko na mpaka kwa nyumba yangu?”

Itoka ni ua ambalo watu wa huku hupanda kwenye mipaka ya mashamba, na likishamea haling’olewi. Wanjiru alicheka, lakini akaitoa. Mimi sikucheka.

Ndugu yangu, tangu tumzike Baba tunavutana juu ya ule mpaka wa shamba alilotuachia, na nimechoka. Hata usingizini nabishana na wewe. Basi nakutumia hii ndogo. Ichomeke shambani popote unapotaka mpaka upite, nami sitasema neno.

Msalimie wifi, na uwakumbatie watoto kwa niaba yangu. Ila kadi hii, tafadhali, usiiingize nyumbani kwa Mama.

Dada yako,
Nekesa