Maombi ya Mjomba na Glavu Yangu

Mama, nakusalimu kutoka Eldoret. Baridi ya huku inauma masikio!

Ndugu yako ameacha kuziba matangi, sasa anaunda ubao wa kuteleza kwenye mawimbi, wa mteja wa Malindi. Jana tulitandika kitambaa cha faiba juu yake, nikawa nasambaza gundi kwa kiganja, nimevaa glavu. Kwa sababu ya baridi, Mjomba alizidisha dawa ya kugandisha gundi. Chai ikaletwa. Unamjua, hanywi bila kuomba. Akaombea chai, mteja, hata papa wa baharini, nami nimefumba macho, mkono uko palepale kwenye gundi. Kufika “Amina”, nilichomoa mkono, glavu ikabaki ubaoni, vidole vyote vitano.

Mjomba anasema tuiache: huo ni mkono wa Bwana, mteja hatazama majini.

Niombee, Mama, ila wewe ufupishe.

Akinyi wako