Vumbi la Nyuma

Tawa, Jumapili

Shemeji Musyimi,

Sisi hatujambo. Ndengu tumemaliza kupura, na Kanyiva ameanza shule, analia asubuhi tu.

Umeomba gari la marehemu kaka yako kwa safari yenu ya jangwa la Chalbi mwezi wa nane. Lichukue. Spea nimeshapeleka ikazibwa pancha, na jerikeni za maji nimeziosha mwenyewe.

Lakini nisikilize. Mwaka jana huko huko jangwani, Mutunga wangu alikuwa kwenye gari la mwisho. Mliangalia kioo, mkaona vumbi, mkasema, "Si ndiye huyo anakuja?" Kumbe ni upepo, na yeye alikuwa amekwama huko nyuma bila maji. Siwalaumu. Hata mimi ningeendelea.

Safari hii mtu asiseme ameona vumbi. Kila nusu saa wa mbele asimame mpaka wa mwisho afike, ashuke, mpeane mkono. Wageni mnaowabeba wakinung'unika, waambie ni sharti la mwenye gari.

Kanyiva akiona vumbi barabarani bado hukimbia mlangoni. Sitaki aanze kukungoja na wewe.

Mungu awe mbele yenu, na nyuma pia.

Wavinya, mama Kanyiva