Masale ya Mpaka na Bustani ya Boma

Jumatatu, 15 Juni 1970

Nimekamua ng'ombe. Nimemwagilia maua kwa maji ya kuoshea vyombo. Baridi kali, ukungu haukuondoka mpaka saa nne. Ruth amepita akienda kazini, chai amekunywa kasimama. Amepewa bustani ya mbele ya boma la serikali aitengeneze kwa ajili ya Saba Saba. Yeye! Waliotangulia wote ni mabwana shamba. Huyu ndiye bibi shamba wa kwanza hapa kwetu, na tumbo lililomzaa ni hili. Mimi niliishia darasa la nne, misheni. Leo mwanangu anawaonyesha wanaume wazima pa kuchimba.

Mashineni, kwenye foleni ya kusaga, nimewaambia wote. Waliokuwa wanajua nimewaambia tena.

Alhamisi, 18 Juni

Baada ya gulio, mkutano wa akina mama mbele ya boma. Ruth amesema bustani ni ya wote. Kila nyumba ilete maua, yachanganywe, pasiwe na ua la fulani. Kijamaa. Akina mama wakaguna. Kila mmoja anataka kopo lake likae mbele, apite na wageni awaonyeshe. Hata mimi. Mawaridi yangu hayana mwenzake kutoka hapa mpaka Irente.

Jirani yangu Mama Yohana ameahidi yale yake ya buluu, yenye vichwa vikubwa kama kabichi. Ni mazuri. Sijawahi kumwambia. Kesho anateremka Muheza, binti yake amejifungua.

Ruth anataka pia kitu cha kijani cha kuzungusha pembeni. Jioni amepita balozi wetu wa nyumba kumi, Bwana Komba, anakitafuta nyumba kwa nyumba. Mtu wa Songea, alikuja kufanya kazi shamba la chai, akaoa hapa, akabaki. Mtu mwema, ila ana haraka. Nimempeleka mpaka kwenye masale ya kando ya shamba, majani marefu ya kijani. Nikamwambia, "Umeona wapi masale kama haya? Haya hata boma yangefaa." Najisifu tu. Kila mtu huku anajua masale yakisimama mstari ni nini. Shamba langu linaishia hapo, lako linaanzia hapo.

Kila mtu, kasoro Komba.

Jumamosi, 20 Juni

Nimekwenda Soni kwa dada yangu, nimerudi saa tisa. Mpaka haupo.

Mstari wote umeng'olewa, kuanzia njiani mpaka kule bondeni kwenye migomba. Vishimo tu, na udongo umefukiwa vizuri, umesawazishwa. Komba akaja anacheka. "Shikamoo, mama. Nimekupunguzia kazi! Nilikuja na vijana, dakika chache tu." Nimemwambia, Komba, ule ni mpaka wangu na Mama Yohana. Akasema, "Si ulisema boma yangefaa?" Akasema na kwao Songea watu hupakana kwa mti mkubwa au mfereji, nani angejua haya si mapambo.

Nimekwenda boma kuyachukua. Nikakuta Ruth ameshayapanda. Yamezunguka bustani yote, majani yamesimama kama askari wa gwaride. Bwana mkubwa wa ofisi yuko barazani anasifu. Ruth akaniuliza, "Mama, haya ni yale yako ya nyuma ya zizi, siyo ya mpakani?" Anang'aa uso mzima.

Nimesema ndiyo.

Nilitaka nione anavyosifiwa. Basi.

Jumatano, 24 Juni

Mama Yohana amerudi. Nimemwona kupitia dirisha. Amesimama pale mpakani, kikapu bado kichwani. Hakupiga kelele. Ningependa apige kelele.

Nimetoka. Kaniuliza, "Mama Ruth, mimi na wewe tumepakana wapi?" Nimemweleza habari ya Komba, yote, tangu mwanzo. Akasikiliza. Kisha akasema, "Komba hana binti boma." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Miaka yote tumekaa ukuta kwa ukuta. Yohana wake na Ruth wangu wamenyonya kwa zamu kifuani kwake, nilipougua homa ya mapafu.

Alhamisi, 25 Juni

Gulioni wananitazama. Muuza nyanya kasema kwa sauti, hakunitaja, "Tumepata bibi shamba wa kwanza. Wa kwanza kula mpaka!" Wakacheka. Maneno yangu mwenyewe, nimerudishiwa.

Na pale boma mzee mmoja kasimama mbele ya bustani na fimbo yake. "Serikali nayo imepakana na nani hapa?" Watu hoi. Kabla ya jioni akina mama wameanza kuja kuchukua makopo ya maua waliyokuwa wameshaleta. Hawakugombana. Wanachukua, wanaaga, wanaondoka. Bustani imebaki na masale na mawaridi yangu. Kama kinywa kilichobaki na jino moja.

Nimekasirika. Sijui namkasirikia nani.

Jumapili, 28 Juni

Kanisani Mama Yohana ameketi benchi la mbele, si letu. Hata salamu yetu ya asubuhi, "onga maundo", hakuna.

Ruth amekuja baada ya ibada. Kashasikia. Kaniuliza jambo moja tu: "Mama, nilipokuuliza ulikuwa unajua?" Nikaenda kutazama chungu. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Amesema malalamiko yamefika ofisini, kwamba bibi shamba anatumia cheo kumpanulia mama yake shamba. Bado yuko kwenye majaribio. Watu wakishikilia hivyo, watamwondoa, na popote atakapopelekwa jina litamtangulia. Bibi shamba gani ataingia shamba la mtu, na mtu anaogopa mpaka wake?

Nikamwambia Saba Saba ipite kwanza, wageni waone, halafu tutayarudisha polepole. Akanitazama kama ananiona kwa mbali. Akaondoka bila kula, na nilikuwa nimepika makande.

Jumanne, 30 Juni

Nimefikiri nikayapande usiku tu, mimi na jembe langu. Haifai. Isale la mpaka halipandwi na mtu mmoja. Pande zote mbili zinakuwepo, na shahidi. Ukilipanda peke yako ni mti tu.

Usingizi hakuna. Nimejivunia mtoto mpaka nimemharibia.

Alhamisi, 2 Julai

Leo mwanangu amefanya jambo.

Gulio limejaa. Mchana, watu wote wanaona, Ruth ameshika jembe akaanza kung'oa masale ya boma, moja moja, na mizizi yake. Bwana mkubwa akapaza sauti kutoka barazani, "Bibi shamba, unaharibu nini hapo?" Ruth kajibu bila kuinuka, "Naondoa mali ya watu, mzee. Haikuwa ya kuletwa." Gulio likageuka kutazama. Hata muuza nyanya. Bwana mkubwa akasema yang'olewe baada ya Saba Saba. Ruth akasema, "Baada ya Saba Saba yatakuwa yameshika hapa, mzee," akaendelea kuchimba.

Niliona aibu. Nikawaza kupita nyuma ya maduka nikimbilie nyumbani. Halafu nikamwona anayafunga kwenye magunia yaliyoloweshwa, anainua furushi la kwanza peke yake. Nikaenda. Nikabeba la pili.

Tumepita katikati ya gulio, yeye mbele, mimi nyuma. Mimi! Sikusema neno tangu mwanzo wa gulio mpaka mwisho. Sijawahi.

Uani kwa Mama Yohana Ruth katua mzigo, akapiga magoti. "Shikamoo, mama." Mama Yohana alikuwa anachambua maharage. Akachambua kidogo. "Marahaba. Yawekeni kivulini, yasikauke." Ni hayo tu. Nilikuwa na maneno yangu, nimeyapanga njia nzima. Nimesema, "Mama Yohana, ni mdomo wangu." Akasema, "Najua ni mdomo wako. Nimekuwa nao jirani miaka yote."

Jumatatu, 6 Julai

Bustani imebaki uchi pembeni. Komba ndiye aliyekuja na dawa. Tangu juzi yeye na vijana wanabeba mawe ya mtoni, wameyapaka chokaa, wameyazungusha. Mgongo unamuuma, anatembea kainama, lakini anasimamia. Kila anayepita anamwambia, "Komba, hayo mawe umeuliza ya nani?" Naye anajibu, "Ya mto! Nimeuliza mto!"

Makopo yameanza kurudi mchana. Moja, mawili, halafu foleni. Wamemwona Ruth Alhamisi, hawakuhitaji wa kuwasimulia. Ofisini, malalamiko yameishia barazani. Bwana mkubwa hakumkaripia tena, kamwambia tu maua yamwagiliwe.

Jioni kaja Mama Yohana na yale ya buluu, makopo yote. Kasogeza mawaridi yangu pembeni, akaweka yake mbele, katikati kabisa. Nimetazama. Yanafaa pale. Nimemwambia, "Haya yako ni mazuri kuliko yangu." Akashtuka, akanigeukia kuona kama naumwa.

Jumanne, 7 Julai

Saba Saba. Ngoma, hotuba, shule zimeimba. Mgeni wa heshima alifika amechelewa. Akasema, "Maua mazuri," akaenda kutazama ng'ombe. Ndiyo hivyo. Lakini watu walibaki wanazunguka bustani mpaka giza, wanaulizana hili ni la nani, na Ruth anajibu kila mara, "Ni letu."

Nimechoka. Miguu imevimba. Nimefurahi.

Jumapili, 12 Julai

Baada ya ibada tumepanda. Mimi upande wangu, Mama Yohana upande wake, Komba shahidi, ameshika kamba. Ruth alitaka kuchimba, tukamwambia akae, si kazi yake hii. Akakaa kwenye jiwe na chai, leo kainywa kaketi.

Jiwe kubwa la njiani lipo, tumeanzia hapo. Migomba ya bondeni ipo, tumeishia hapo. Katikati pale penye mteremko hakuna aliyekumbuka sawasawa. Mama Yohana kachomeka isale lake. Limeingia kwangu kama upana wa kiganja. Nimeliona. Naye ameona kwamba nimeliona. Nikashindilia udongo kwa mguu, tukaenda kwenye linalofuata.

Manyunyu yameanza tulipomaliza. Tumesimama chini ya upenu wake tunayatazama. Mama Yohana akasema masale yetu ndiyo yatakayoshika kwanza, hakuna wa kutushinda mtaa huu.

Nimemwacha aseme yeye.